Zamu ya Ellerdale

Kanisa la Thorsby lilikuwa limekaa muda mrefu bila kasisi, na Hester Garth, mzee wa kanisa, alikuwa amechoka kujipendekeza kwa watu asiowajua. Tangazo lilikwisha tolewa mara kadhaa kwenye gazeti la dayosisi: anatakiwa kasisi wa nusu wiki, Jumapili na siku mbili nyingine, mshahara hakuna, nyumba ipo. Nyumba yenyewe ilikuwa na ukungu ukutani, lakini hilo halikutangazwa. Mtu wa kwanza aliyekuja kuiona alizunguka bustani nzima ameinua simu juu, kisha akaaga kabla ya chai kupoa.

"Alikuwa anatafuta mtandao," alisema Wilf Tordoff, mzee wa kanisa mwenzake, mfuga kondoo mwenye ulimi usiojua kupumzika. "Akakutana na dume langu la kondoo."

"Ungelifunga, Wilf."

"Nilifunge? Lile ndilo muumini wetu pekee asiyekosa Jumapili. Tukilifukuza tutabaki wangapi?"

Hester hakucheka. Ofisi ya askofu ilikwisha sema bila kuzunguka: kiangazi kikiisha bila kasisi, na bila watu wa kujaza angalau nusu ya viti, kanisa litafungwa na kuuzwa. Watu wa mjini hupenda kununua makanisa. Huweka jiko pale palipokuwa na madhabahu, wakawaalika rafiki zao waje wastaajabu. Waliokwisha kuzikwa uani wangeachwa walale, ila kaburi jipya lisingechimbwa tena.

Hapo ndipo palipomuuma Hester. Stan, mumewe, alikuwa amelala chini ya ukuta wa mashariki, na kwenye jiwe lake, chini ya jina lake, jina la Hester lilikwisha chongwa, na nafasi ya tarehe imeachwa wazi. Kila Jumapili alipita akaliona jina lake likimngoja. Halikumtisha, lilimliwaza. Kilichomtisha ni kuja kuzikwa kwingine, katikati ya watu wasiojua kwamba Stan hakuvumilia kufunikwa miguu hata usiku wa barafu, na kwamba yeye Hester alimzika miguu mitupu kwa makusudi, mwenye kusema aseme.

Basi siku moja kavu ya Machi akaja Mchungaji Ambrose Leyland.

Hester alimwona kwa dirisha la ukumbi wa kanisa. Hakuja kwa gari. Alikuja kwa miguu akipanda barabara ya zamani, na barabara ya zamani haitoki popote. Inateremka bondeni, inapita lango bovu, inaingia bwawani. Chini ya bwawa hilo ndiko kulikokuwa Ellerdale, kijiji kizima na kanisa lake, kabla wakubwa wa mjini hawajaamua kwamba mji una kiu. Walio hai walihamishwa. Katika wafu, walihamishwa wale waliokuwa na mtu wa kuwasemea. Mama yake Hester alizaliwa huko, akatolewa akiwa binti mdogo, na bibi yake Hester, Annis, aliachwa palepale kaburini. Mpaka anakufa, mama yule hakuyagusa maji ya bomba. Alikinga ya mvua. "Nitamnywaje mama yangu?" alikuwa akiuliza.

Mchungaji Leyland akaketi mbele yao, Hester na Wilf na wajumbe wawili waliokuwa wakipigana na usingizi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini na kola nyeupe kupita kiasi. Biblia yake ilikuwa imevimba kurasa, kama kitabu kilicholoa kikaanikwa. Hester aliiona. Aliona pia viatu vyake, vyenye tope jeusi ambalo halipatikani juu huku, tena wakati wa ukavu. Akammiminia chai. Wacha tuseme kweli: alimtaka kasisi, na mwenye kutaka sana hujifunza kutoona.

"Sasa, Mchungaji," alisema Wilf, "huku kwetu utakuwa nusu wiki. Nusu ya pili unafanya nini? Unavua samaki?"

"Nina kanisa jingine. Dogo. Huko chini."

"Chini wapi, maana chini huko mimi najua..."

Hester akamkanyaga mguu chini ya meza. "Keki ya tangawizi, Mchungaji? Nimeioka mwenyewe."

"Asante sana, Bi Garth." Hakuigusa. "Nina ombi moja tu. Mwezi wenye Jumapili tano, ile ya tano tusali pamoja, makanisa yote mawili. Kwa zamu. Wao watakuja kwenu kwanza, kisha nyinyi mtakwenda kwao."

Jambo la kawaida kabisa. Makasisi wenye makanisa mawili hupanga hivyo kila mahali, na watu hupenda, kwa sababu wenyeji huandaa chai na wageni huleta keki.

"Watu wako ni wengi?" aliuliza Hester.

"Wengi," alisema Mchungaji. "Na hawakosi."

Mikono yote ikainuliwa, hata ya wale wenye usingizi. Ofisi ya askofu nayo ikamkubali bila maswali. Walisema jina lake lilikuwapo kwao tangu zamani. Hester alipokusanya vyombo alikuta kikombe cha mgeni kimejaa pomoni, na ubaridi wake ukamchoma vidole. Akakimwaga nje.

Alikuwa kasisi mzuri, na asiyekiri hivyo ana roho mbaya. Alikaa na wagonjwa mpaka wakasinzia. Alimaliza hubiri kabla kiti hakijaanza kuuma. Jumanne jioni alishuka kwa barabara ya zamani, na Jumamosi akapanda tena. Hakuna aliyemfuata kuona anakoishia. Lakini Jumapili yake ya kwanza, alipofika kwenye maombi, alisema, "Na tuwaombee ndugu zetu wa Ellerdale, wanaotuombea sisi," na shingo ya Wilf ikageuka taratibu mpaka akamtazama Hester usoni.

Wilf alimfuata jikoni mwa ukumbi baada ya ibada.

"Kasema Ellerdale."

"Nimesikia."

"Hakuna Ellerdale, Hester! Mimi nimevua samaki juu ya Ellerdale. Ndoano yangu imenasa kwenye bomba la moshi la nyumba ya watu."

"Ni heshima tu kwa waliotutangulia."

"Unaamini hivyo, mama wee?"

Hester alikuwa na hofu, hofu ya kweli. Akaendelea kufuta vikombe. "Naamini tuna kasisi," alisema.

Mei ilikuwa na Jumapili tano. Jumapili hiyo ya tano ofisi ya askofu ikamtuma Fiona Prewitt, binti mchangamfu, aje kuhesabu vichwa. Hester alisimama mlangoni akijua kwamba walikuwa sita, saba ukimhesabu na mpiga kinanda. Jua liliwaka, mvua haikunyesha wiki nzima. Kisha akawaona wakipanda barabara ya zamani, wanaume wenye kofia mkononi, wanawake wenye makoti mazito ya sufu, watoto wameshikana mikono. Hawakuzungumza. Walipompita mlangoni kila mmoja aliinamisha kichwa kwa adabu, na hewa ikawa na baridi ya ghala la mawe.

Walijaza kanisa. Waliimba kwa pamoja, bila kukosea neno, lakini sauti zao zilisikika kama zinatoka chumba cha pili, mlango ukiwa umefungwa. Mwanamke aliyeketi kando ya Hester hakuwa na kitabu cha nyimbo, kwa hiyo Hester akamsogezea chake, wakakishika pamoja. Kidole cha mwisho cha mwanamke yule kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Hester alikijua kidole hicho. Mama yake alikuwa nacho, na yeye mwenyewe anacho. Machozi yakamjia, asijue ni ya woga au ya kitu kingine.

Ibada ilipokwisha mwanamke yule alimgeukia. Uso wake ulikuwa mwema, na haukuwa na rangi.

"Mmetupokea vizuri," alisema. "Na nyinyi mtakuja kwetu, eti mwanangu?"

Hester alilelewa na watu ambao hawawezi kumwambia mgeni hapana, hata nyumba ikiwaka moto. Mtu amekuja kwako, nawe utakwenda kwake.

"Bila shaka," alisema. "Nitaleta keki."

Fiona Prewitt alikuwa akirukaruka kwa furaha. "Bi Garth, hongera! Nimekosa pa kukaa! Nitawaambia ofisini, hili kanisa halifungwi ng'o." Kisha akatazama chini. "Ila paa lenu linavuja, eh? Sakafu yote imelowa."

Kwa hiyo kanisa likapona. Juni ikapita, Julai ikapita, mvua ikagoma, na bwawa likaanza kupungua. Lango bovu likatoka majini, kisha kuta za bustani za watu, kisha barabara ya zamani ikaonekana ikiteremka, nyeusi, imenyooka. Jumapili ya tano ya Agosti ilikuwa inakaribia, na Wilf alikuwa haachi kumfuata.

"Usiende."

"Walikuja kwetu, Wilf. Walikunywa chai yetu."

"Hawakunywa! Vikombe vyote vilirudi vimejaa, mimi ndiye niliyemwaga!"

"Basi walikaa nayo. Tusipokwenda, Mchungaji hatakuja tena. Bila yeye na bila wao, tunafungiwa."

"Na ukienda?" Wilf alikuwa ameacha mzaha, na bila mzaha uso wake ulionekana wa mzee sana. "Umepigania kanisa ili ulale na Stan. Ukishuka kule utalala kule. Na jina lako pale kwenye jiwe litangoja bure."

Neno hilo lilimchoma. Alilia usiku ule kama msichana, kisha akaamka akaoka keki.

Asubuhi ya Jumapili ilikuwa tulivu, umande umetanda. Hester alifunga kanisa, akatia ufunguo mfukoni, akazunguka kwenda kumuaga Stan. Hapo akasimama. Uani kote nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande, isipokuwa mistari. Kutoka kila kaburi ulitoka mstari wa nyasi zilizokanyagwa, na yote ilielekea langoni. Mmoja ulitoka chini ya ukuta wa mashariki. Hester alimwita Stan kwa jina, polepole, kisha akaona haya kwa kuita mahali pasipo na mtu.

Akaifuata ile mistari, mkebe wa keki kifuani.

Wilf alikuwa pale ambapo barabara inaanza kuteremka, ameegemea ukuta wa mawe, amevaa tai. "Nimefika mpaka hapa," alisema kwa sauti kavu. "Hapa ndipo miguu imekataa. Wengine hawakutoka hata nyumbani. Hester, tazama chini."

Mchungaji Leyland alikuwa kwenye ukingo wa maji, amevaa kanzu yake nyeupe. Nyuma yake barabara ilijaa watu, na hawakuwa wa Ellerdale. Mwalimu wa shule, aliyezikwa kabla Hester hajaolewa. Mkunga. Wazee wawili wa kanisa waliomtangulia, bado hawasemezani. Thorsby yote, kwa mavazi yao ya Jumapili, wakingoja kwa subira kama watu waliozoea.

"Sikukuficha, Bi Garth," alisema Mchungaji. "Nilisema makanisa yote mawili. Kanisa ni watu wote."

"Tutarudi?" aliuliza Hester.

"Wenzenu wa Ellerdale walirudi kwao, sivyo?"

Hakupata nafasi ya kulifikiri jibu hilo, kwa sababu watu walijitenga kidogo, na katikati ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa akaona miguu mitupu, myeupe, yenye vidole vipana alivyovijua kuliko vyake. Akainua macho taratibu.

"Umechelewa," alisema Stan. "Kama kawaida yako."

"Nilikuwa naoka," alisema Hester, akamwonyesha mkebe.

Huko chini, ndani ya maji, kengele ikaanza kulia. Watu wakageuka wote pamoja, wakaanza kuteremka. Stan alibaki, amenyoosha mkono.

Hester akatoa ufunguo mfukoni, akampa Wilf.

"Saa tisa kuna ubatizo," alimwambia. "Nisipokuwa nimerudi, fungua wewe. Na lile dume lisikanyage ndani."

"Hester," alisema Wilf. "Hester, jamani."

"Vua viatu," Stan alimwita. "Kunateleza huku."

Hester akainama, akavivua, akavipanga vizuri chini ya ukuta kando ya Wilf, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu.