Mlango wa Upande wa Malori

Mabasi yalikuwa mazuri kupita kiasi, na hilo lilimtia Mwalimu Filimbi wasiwasi. Yalipangwa kwenye uwanja wa ofisi ya elimu, ya njano kama kiini cha yai, na wajumbe wa kamati ya usafiri wa shule walikuwa wakipanda na kushuka huku wakichekacheka, utadhani wao ndio wanafunzi. Mmoja, mtu mzima na kitambi chake, alikaa kiti cha mbele akaomba apigwe picha.

Jina la Filimbi alipewa na watoto. Kila asubuhi mwalimu mkuu huyu husimama nje ya lango la shule yake, filimbi mdomoni, akizuia magari ili watoto wavuke. Barabara ile ni ya malori ya kokoto, na madereva wake hawajui mkubwa wala mdogo. Mwaka uliopita lori moja lilimgonga mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akitembea pembeni. Alipona, ila mguu haukurudi kuwa mguu. Tangu hapo mwalimu alidai mabasi kila ofisi, mpaka wakubwa wakimwona wanajifanya wako kwenye simu. Mwisho wakamtia kwenye kamati, wakidhani akiwa ndani atanyamaza. Walijidanganya.

Kamati ile ilikuwa na utaratibu wake wa zamani: hakinunuliwi kitu mpaka mikono yote iwe juu. Bila shaka uliwekwa na watu waliokuwa wakiogopana, lakini ndio uliokuwepo. Na mwenyekiti alikuwa kaka mkubwa wa mume wa Mwalimu Filimbi.

"Shemeji, leo sitaki maneno," mwenyekiti alimwambia pale uwanjani. "Ulilia mabasi, mabasi haya hapa. Inua mkono twende zetu tukale."

"Nitainua. Kwanza nilione basi moja likishusha watu langoni kwangu, kesho asubuhi."

"Kwani hapa halishushi?"

"Hapa hapana barabara."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Muuzaji wa mabasi, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, alimwita "dada yangu" na kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti walimu wangekuwa wote kama yeye nchi ingekuwa mbali. Lakini walikubali. Picha za langoni nazo zingependeza.

Asubuhi yake mwalimu alisimama mahali pake pa kila siku, ukingoni mwa barabara. Lango la shule ni jembamba, basi haliingii, kwa hiyo lilikuja taratibu likasimama mbele yake kabisa. Akangoja mlango. Mbele yake palikuwa na madirisha matupu, tangu kichwani hadi mkiani, na wajumbe wakimpungia mkono. Alisikia mlango ukifunguka, lakini mlango wenyewe hakuuona.

Ulikuwa upande wa pili, umetazama malori.

Mabasi yale yalitoka nchi ambako magari hupita upande mwingine wa barabara. Muuzaji alikuwa amehamisha usukani, na kazi hiyo aliifanya vizuri, dereva akakaa panapomstahili. Mlango aliuacha ulipozaliwa. Kule uwanjani pande zote ni sawa, hakuna aliyegundua. Mwalimu mwenyewe alipanda na kushuka mara mbili asione kitu! Hasira zilimpanda, akaanza kwa kujikasirikia.

Akakimbilia mbele ya basi. Shemeji yake, kama kawaida ya wenyekiti, alikuwa wa kwanza kushuka. Mguu ulikuwa umeshaning'inia. Na lori lilikuwa linakuja.

Mwalimu akapuliza filimbi kwa pumzi yake yote.

Mwenyekiti naye aliwahi kuwa mwanafunzi, na mguu ukarudi ndani wenyewe. Lori likapita, upepo wake ukamvua kofia, na lori la nyuma yake likaikanyaga. Barabara ilipotulia mwalimu alipanda ndani.

"Hilo ni dogo, dada yangu," muuzaji aliwahi. "Tutaweka msaidizi awashike watoto mikono."

"Watoto wote wale, ana mikono mingapi?"

"Basi tutabandika maandishi. Shuka kwa uangalifu."

"Wa darasa la kwanza hawajajua kusoma. Ndiyo maana wanakuja shule."

Mwenyekiti alijifuta jasho. "Wenzangu, tusipoteze muda. Tukikosa haya, mwaka huu hatupati mengine. Mikono juu."

Ikapanda mmoja mmoja, baadhi ya wenyewe wakitazama dirishani. Wa mwalimu ulibaki mapajani.

"Shemeji."

"Siinui."

"Watoto wataendelea kutembea. Wazazi wakijua ni wewe uliyekataa, watakutafuna mbichi."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nje, yule mtoto wa mguu mbovu alikuwa anakuja, wa mwisho, begi likimvuta upande. Hakuna mtu ndani ya basi lile aliyeyataka mabasi kama alivyoyataka yeye. Alitamani kulia.

"Nitawaambia mwenyewe, leo leo," alisema. "Siinui."

"Nyumbani tutaonana."

"Karibu, na chai nitakupikia. Mkono huu siinui!"

Mwenyekiti akasimama kwa hasira. "Haya, tushuke!" Akaufikia mlango. Lori likapita likinguruma. Akaitazama kofia yake pale chini, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dereva, ligeuze gari, tushukie upande wa lango."

Kila mtu alisikia. Mikono iliyokuwa juu ikaanza kushuka yenyewe.

"Na watoto," mwalimu aliuliza, "nani atawageuzia, kila kituo, kila siku?"

Alishuka akasimama katikati ya barabara na filimbi yake, akazuia magari huku na huku, honi zikimtukana, mpaka basi likageuka. Wajumbe wakashuka langoni wakishikilia vyuma. Muuzaji alibaki ndani na mabasi yake. Habari ya mikono haikutajwa tena.

Mwenyekiti alishuka wa mwisho, kichwa wazi.

"Shemeji, umenivua nguo mbele za watu."

"Bora wewe uvuliwe nguo, shemeji, kuliko mimi kumvisha mtoto sanda."

Shemeji akapita bila kuaga. Upande wa pili wa barabara watoto walikuwa wamejazana wakimngoja, na yule wa mguu mbovu alikuwa amefika. Mwalimu akarudisha filimbi mdomoni, akainua mkono juu kabisa, malori yakasimama, na watoto wakavuka kwa miguu.