Sanduku la Milimita

Fundi seremala huyu alikuwa na jina lake, ila mtaani lilishasahaulika. Wote walimwita Milimita, naye alilipenda hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Maungio ya mbao zake hayakupitisha hata unywele. Mteja aliyekuja kutafuta dosari aliondoka ameshika tama.

Basi binti yake, mwalimu wa chekechea, alipohitaji sanduku la kuchezea, hakuhangaika kutafuta fundi mwingine.

"Baba, nataka sanduku lenye kifuniko cha matundu: duara, mraba, pembetatu. Mtoto atumbukize kila kipande kwenye tundu lake. Jumatatu mwalimu mkuu anakuja kuangalia kona yangu ya michezo. Akiona watoto hawajifunzi kitu, anaiondoa, analeta madawati na kalamu."

"Hawajui hata kufunga viatu, washikishwe kalamu?" Milimita akacheka. "Mwache aje. Kazi yangu itamfunga mdomo."

Jumamosi sanduku lilikuwa tayari, na kwa kweli lilipendeza. Kila kipande alikipiga msasa mpaka kikaingia tunduni kwa shida, bila nafasi hata chembe. Kichwa kikamvimba. Akamwita mjukuu wake, mtoto wa huyo mwalimu, wakaketi kwenye vumbi la mbao.

Mtoto akachukua mraba, akaupeleka moja kwa moja kwenye tundu la mraba. Ukagoma. Akaugeuza, ukagoma tena. Akaupiga kwa kiganja, wapi.

"Lete Babu akuonyeshe," alisema Milimita. Akautazama ubavu kwa ubavu, akautia taratibu, ukazama. "Umeona? Unaanza na upande huu wenye alama ya penseli."

Mtoto alimtazama, kisha akaficha mikono mgongoni. "Siwezi, Babu."

Neno hilo lilimchoma. Mtoto alikuwa amepatia tangu mwanzo. Jicho lake lililijua tundu, mkono wake ukaenda palepale, na sanduku ndilo lililomdanganya kwamba amekosea.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, umevibana kama mlango na fremu yake. Mimi nataka akipatia, sanduku likubali. Akikosea, likatae. Basi."

"Unataka nitengeneze kitu kinachopwaya?"

"Kipwaye kidogo."

Milimita akanuna. Maisha yake yote alikuwa adui wa mianya, leo anaambiwa aitoboe kwa mikono yake mwenyewe. Aliwaza jinsi jina lake lingechekwa. Halafu akakumbuka ile mikono mgongoni, akapiga moyo konde, akachukua tupa.

"Mungu anisamehe," alinung'unika, akaanza kuharibu kazi yake.

Kumbe kuharibu vizuri nako ni kazi. Akizidisha, pembetatu ingepita kwenye duara na mtoto asingejifunza lolote. Akipunguza, kilio kingebaki kilekile. Alisugua, akajaribu, akasugua tena, akiutafuta mwanya kwa jicho lilelile alilozoea kuuziba nalo. Mwishowe mraba ulidondoka kwa upande wowote, na pembetatu ikagoma kila mahali isipokuwa kwenye tundu lake.

Hakumbembeleza mjukuu. Aliliacha sanduku sakafuni, akashika ufagio na kumpa mgongo. Alifagia sehemu moja muda mrefu mno. Kisha akasikia kipande kikidondoka ndani, na baada yake kingine. Hakugeuka, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakutaka yaonekane.

Jumatatu Milimita alikuwa kwenye dirisha la darasa, akijifanya anarekebisha bawaba isiyo na tatizo. Mwalimu mkuu alisimama amefumbata mikono. Mtoto mmoja alipeleka pembetatu kwenye duara, ikakataa. Akaipeleka kwenye mraba, ikakataa. Akatulia, akaliangalia sanduku, akaitumbukiza panapostahili. Akafungua, akamwaga vyote, akaanza upya.

"Nani kamwelekeza?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Hakuna," binti alijibu. "Sanduku linamkatalia, naye anajisahihisha."

Mwalimu mkuu alichuchumaa, akajaribu kipande kimoja, halafu kingine. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kona ibaki," alisema akiinuka. "Ila mwambie fundi wako vipande vyake vinapwaya."

Binti akageukia dirishani kwa wasiwasi. Milimita aliweka bisibisi chini, akanyoosha mgongo.

"Fundi ni mimi," alisema. "Na vinapwaya kama nilivyovipima."