Mstari Mtupu

"Kidole, umemaliza kuwaita watu?" Sista alichungulia mlangoni, mikono imejaa kadi. "Daktari wa masikio ameshafika. Alikuwa aje keshokutwa, ratiba imegeuka. Na saa nane anaondoka."

"Bado mmoja, sista. Bibi wa yule mtoto wa mlimani."

"Basi huyo ndiye hasa. Mwahi."

Karani wa zahanati aliitwa Kidole kwa sababu aliandika kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Watu walicheka, naye akacheka nao. Hakuwaeleza kwamba kompyuta alijifunza darasa la jioni, mkono wa kushoto umempakata mwanawe anayenyonya. Mtoto aliachishwa ziwa, darasa likaisha, lakini mkono ule haukukubali kupanda kwenye kibodi. Mpaka leo ulikaa mapajani, umejikunja, kama unangoja kupewa mtu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," sista alipenda kumtania, "lakini chako kinaita kijiji kizima."

Kweli kiliita. Kila ujumbe wa simu alioutuma ulikuwa na faili lake kwenye kompyuta. Mstari wa kwanza, neno To, yaani Kwa, nukta mbili, kisha namba ya simu bila alama ya kujumlisha. Mstari wa pili, mtupu. Usipouacha mtupu, modemu, yaani kifaa cha kurusha ujumbe, haijui namba imeishia wapi na maneno yameanzia wapi. Ndipo yanafuata maneno yenyewe, yasizidi herufi mia na sitini, salamu ikiwemo. Wengine wangeruka salamu. Yeye hakuruka.

"Huyu mdudu hana subira," fundi alimwambia siku alipomfungia modemu, kijisanduku kama kiberiti chenye taa moja ya kijani. "Folda hii ya Kutoka ndiyo mlango wake. Akikuta faili mlangoni anaondoka nalo, limevaa au halijavaa. Kwa hiyo liandikie kwingine, lisome, ukiridhika ndiyo ulihamishie hapa."

"Kumbe kama kumwandaa mtoto wa shule."

"Hivyo hivyo, mama."

Akatengeneza folda akaiita Chumbani. Humo mafaili yake yalioga, yakavaa, yakafungwa vifungo, ndipo yakatoka. Mwaka mzima halijatoka hata moja bila viatu.

Leo alikuwa na haraka. Akalifungua faili hapo hapo mlangoni. To, nukta mbili, namba. Mstari mtupu. *Shikamoo bibi. Kifaa cha mjukuu wako*

"Karani, kadi ya mwanangu haionekani!" mama mmoja aliita dirishani.

Akabonyeza kuhifadhi, kwa mazoea ya mtu aliyekwisha kupoteza kazi kwa umeme kukatika, akainuka kutafuta kadi. Aliporudi, taa ya kijani ilikuwa imekonyeza na kutulia. Faili halipo.

Katika folda ya Kuingia kulikuwa na jipya. Lilionyesha namba ya mtumaji na saa: saa nne na nusu. Mstari mtupu. Halafu: *Marahaba. Kimefanya nini*

Karani aliushika mdomo.

Akaandika upya, safari hii Chumbani. *Shikamoo bibi. Kifaa cha kusikia cha mjukuu wako kimefika. Daktari yupo leo tu, mwisho saa nane. Njooni sasa hivi tafadhali.* Akasoma mara mbili, akahamisha. Taa ikakonyeza, ikakonyeza, ikakonyeza. Faili likaangukia folda ya Zilizokwama. Akalirudisha. Likakwama tena. Akapiga simu: haipatikani. Bibi yule huwa anaifungua simu kama mtu anayefungua dirisha kuona kama mvua imekatika, akishaona, anafunga. Chaji moja ilibidi imfikishe wiki nzima.

"Sista, nimeharibu."

Akamweleza yote, tangu faili lililotoka nusu mpaka simu isiyopatikana.

"Niende mwenyewe," karani alisema.

"Kupanda saa mbili, kushuka na mtoto mbili na zaidi. Pikipiki haifiki kule. Saa nane itakuwa imeshakucheka."

"Daktari si atarudi?"

"Baada ya miezi sita. Kile kipande cha kuingia sikioni kimefinyangwa kwa umbo la sikio lake, na sikio la mtoto wa miaka mitatu halingoji mtu, mwanangu. Kitakuwa hakimwenei. Tutaanza upya kupima." Akamgusa bega. "Endelea kujaribu."

Akajaribu. Kila robo saa alilitoa faili Zilizokwama akalirudisha mlangoni, kama mzazi anayemrudisha mtoto mtoro shule. Saa tano. Saa sita. Chai yake ikaota utando. Saa saba na nusu alimsikia daktari akifunga masanduku, kwacha, kwacha.

Saa nane kasoro robo, sauti ikasikika uani.

"Nani aliyeniandikia habari ya mjukuu wangu, halafu akanyamaza?"

Karani alitoka mbio, kandambili moja ikabaki chini ya meza. Bibi alisimama juani, vumbi limempanda hadi magotini. Mjukuu alikuwa mgongoni, amelala.

"Shikamoo bibi. Ni mimi."

"Marahaba. Hilo ulishalisema. Nipe lililobaki."

"Kimefika, bibi. Kifaa. Samahani, ujumbe ulitoka nusu, ni kosa langu. Sikudhani mngekuja."

"Nimeuliza kimefanya nini, kimya. Nikazima simu, nikafunga mbeleko." Bibi aliketi kwenye ngazi kuvuta pumzi. "Miaka mitatu nimekaa na mtu asiyesema hata neno. Nikingoja watu wamalize kusema, si nitazeeka mara ya pili?"

"Daktari!" sista alikuwa akipiga kelele huko ndani. "Fungua hilo sanduku, fungua!"

Baadaye, bibi alipobaki na daktari kufundishwa kubadilisha betri, mtoto alipelekwa kwa karani amshike kidogo. Mkono wa kushoto ulimpokea bila kuulizwa. Nyuma ya sikio lake dogo kifaa kilining'inia kama punje ya harage. Tangu kiwashwe hakuwa amelia wala kucheka. Alitazama tu.

Karani akafungua faili jipya, Chumbani, la kumkumbusha bibi siku ya kurudi. Akaandika namba. Akabonyeza kitufe cha kushuka mstari.

Tik.

Mtoto aligeuza kichwa.

Karani alikiacha kidole hewani. Mtoto alikitazama kidole, akamtazama usoni, akakitazama tena. Akasubiri.

Tik.

Kiganja kidogo, chenye vumbi la mlimani, kikaja taratibu kikatua juu ya kitufe kile kile. Kwenye skrini ilibaki namba ya bibi, na chini yake mistari mitupu ikawa inashuka, mmoja, na mwingine, na mwingine.