Sala Dhidi ya Mjapani

...ulinde kutoka kwake na kuingia kwake, nimefika hapo na neno linalofuata haliji, mkono wangu uko juu ya kichwa cha mwanangu Asukile, amepiga magoti kama siku ya kipaimara, lori la jeshi linamngoja bomani Mbeya, litampeleka melini, na meli impeleke vitani nchi ya Malaya, na mwalimu Jailos amesimama mlangoni, anasema, "Mzee Eliezeri, usiwasahau wakomunisti katika sala," nami nauliza, ndio Wajapani hao? anacheka taratibu, "Aa, mzee wangu, Mjapani siku hizi ni mwenzetu, Mmarekani amewekeana naye mkataba, adui sasa ni Mrusi na wote wanaomfuata"... mwenzetu... Gideoni, kifungua mimba wangu, alikufa Burma kwa risasi ya Mjapani, tulimlilia bila maiti, migombani hakuna kaburi lake, na tangu hapo kila Jumapili nimemwomba Mungu awavunje Wajapani, kanisa zima likaitika Amina, hakuna aliyenigusa bega akaniambia, mzee, vita hiyo imekwisha... na Mrusi je, si tulimwombea? mchungaji mwenyewe alisema, mwombeeni Mrusi, yuko upande wetu, nikamwombea, tena kwa machozi... sasa nimwambie nini Bwana, kwamba nilikosea jina?... "Na hao wakomunisti wa Malaya," nauliza, "vita ile ya Burma walikuwa upande gani?" Jailos anakohoa, "Walimpiga Mjapani msituni, mzee, bunduki tuliwapa sisi"... sisi... basi waliokuwa upande wa Gideoni ndio Asukile anakwenda kuwaua, naye asiporudi, nitaomba tena, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka mwalimu mwingine asimame mlangoni na kucheka taratibu... wewe ndiwe Bwana, sikugombi, wakubwa wanabadilishana maadui kama majirani wanavyobadilishana mbegu za maharage, lakini Gideoni hakubadilika, amekufa vilevile, kwa mkataba na bila mkataba... "Tata," Asukile ananong'ona, "lori litaniacha," nami sijasema Amina, kiganja changu kinazidi kuwa kizito, ameinamisha shingo kwa utii, anadhani bado nambariki, na mimi namkandamiza asiinuke.