Kilichotokea Nyuma ya Refa

Mtaani walimwita Mama Filimbi, jina la utani lililomganda mpaka hata wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha mikate wakalitumia. Siku za kazi alisimama mbele ya oveni akitoa trei za mikate. Jumamosi alivaa kaptura nyeusi na soksi ndefu, akachezesha mechi za timu za mitaani kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya gereji. Ujira wake ulikuwa chupa ya maji na matusi, na alikwisha kuyazoea yote mawili.

Nusu fainali ilipopangwa, alimwendea mwenyekiti wa kamati dukani kwake, katikati ya mabomba na makopo ya rangi.

"Mwenyekiti, shemeji yangu anacheza mechi hiyo. Ni mdogo wake mume wangu, tena anaishi kwangu. Nitafutie refa mwingine."

"Mwingine nimtoe wapi? Yule fundi cherehani aliacha tangu walipomrushia mawe. Chezesha tu, mama. Wewe kila mtu anajua huna upendeleo."

Sifa hulevya, naye alilewa kidogo. Akakubali.

Shemeji mwenyewe alikuwa beki, kifua kipana, wakimwita Kisiki. Nyumbani alilala kwenye kochi la sebuleni, akaosha vyombo bila kuombwa, na mzaha wake ulimchekesha Mama Filimbi hata siku alizorudi kazini hoi. Alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja.

Siku ya mechi mambo yalimwendea vibaya Kisiki. Winga wa upande wa pili, kijana mwembamba anayesambaza mitungi ya gesi kwa baiskeli, alimpita kushoto, akampita kulia, mpaka mashabiki wakaanza kuimba kila akipitwa. Zikiwa zimebaki dakika chache, bado sare, kipa wa timu ya Kisiki aliudaka mpira akaupiga mbali. Refa akageuka kuufuata, kama refa yeyote anavyotakiwa. Nyuma yake akasikia mlio mkavu, kama kuni inayovunjwa kwa goti. Kisha yowe.

Alipogeuka, winga alikuwa chini, mguu umepinda mahali pasipo na kiungo. Kisiki alisimama karibu yake, mikono juu.

"Kajikwaa mwenyewe!"

Mama Filimbi akamkimbilia mshika kibendera, kinyozi aliyejitolea siku hiyo. "Umeona nini?"

"Nilikuwa natazama mpira, dada. Haki ya Mungu."

Refa haadhibu asichokiona. Alilijua hilo vizuri, ila siku hiyo kulijua kulimchoma. Winga alibebwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye choo cha uwanja, na mchezo ukaanza tena kwa mpira wa kudondosha. Timu ya Kisiki ikafunga, ikashinda.

"Wanakula sufuria moja hao!" mtu alipiga kelele. "Angemtoaje?" Mwingine akamtemea mate begani. Mwenyekiti ndiye aliyemtoa pale, akimkinga kwa mwavuli.

Jioni alikuwa bombani uani akifua ile jezi iliyotemewa mate, Kisiki akaja na soda mbili. Moja akamwekea kando ya beseni.

"Asante, shemeji."

"Asante ya nini?"

"Ya leo. Jamaa alikuwa ananidhalilisha mbele ya watu, nikasema ngoja nimkalishe chini. Sikujua mguu ungevunjika, naapa. Lakini umenisitiri. Sitasahau."

Mikono yake ikasimama ndani ya povu. "Mimi sikuona kitu."

Kisiki akatabasamu. "Ndiyo. Hivyo hivyo. Hukuona."

Usiku alimsimulia mumewe, fundi magari, naye akamsikiliza mpaka mwisho huku akijisugua oili vidoleni.

"Ya ndani tuyamalize ndani," alisema. "Mama akisikia umemshtaki mwanawe, nitamwambia nini?"

"Na mama wa yule kijana, mimi nitamwambia nini?"

Mumewe akarudi kusugua vidole.

Kazini alipounguza trei, mwenzake alimuuliza kwa sauti ya kusikika, "Vipi, mama, hii nayo hukuiona?" Watu wakacheka. Alicheka nao, kisha akaenda stoo akakaa juu ya gunia la unga mpaka machozi yakakauka.

Siku hiyo alirudi nyumbani akamkuta Kisiki kwenye kochi. "Nakwenda kwa mwenyekiti. Twende wote, ukaseme mwenyewe."

"Shemeji, unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Nakwambia twende."

Kisiki alivaa viatu, akafunga kamba, akazifungua tena. Akainamisha kichwa. Mama Filimbi akaenda peke yake.

"Lakini wewe hukuona," mwenyekiti alisema.

"Sikuona. Nimesikia kwa kinywa chake."

Kamati ilipomwita, Kisiki alikiri kwa sauti ndogo. Akafungiwa msimu mzima, ila matokeo hayakubadilishwa. Kwa hiyo timu zote mbili zikamchukia refa. Kisiki alifunga begi akaenda kwa mama yake, na mama mkwe akapiga simu. "Nilidhani nimepata binti," alisema. "Kumbe nimepata askari."

Mama Filimbi alipokwenda kumwona winga, alimkuta amelala kwenye godoro sakafuni, mguu ndani ya plasta nyeupe. Mama wa kijana alisimama mlangoni.

"Leo ndiyo umekuja kuona?"

"Mwache aingie, mama," kijana alisema.

Mama Filimbi akapiga magoti kando ya godoro.

"Wanasema uliona," kijana alisema.

"Na wewe wasemaje?"

"Aliponijia nilimuona. Nikatazama mgongo wako, nikaomba ugeuke. Hukugeuka." Akavuta shuka. "Kwa hiyo najua hukuona. Lakini usitegemee niwaambie watu. Wenzangu wa timu ndio wanaonilisha sasa. Nikikutetea watasema nimenunuliwa."

Mama Filimbi aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na haki ya kumlaumu. Alimmwagia maji ya kunawa, akamsogezea mto mgongoni, akaaga.

Nyumbani mumewe alikuwa mezani peke yake. Tangu mdogo wake aondoke walikuwa wakipishana kama wapangaji. Leo alimvutia kiti.

"Mwenyekiti ametuma ujumbe. Anauliza kama utachezesha fainali."

Alikaa, akafikiri. "Mwambie filimbi ampe mwingine, hata kama itabidi akamtafute mtaa wa pili. Mimi nitashika kibendera. Refa akigeuka, awepo mtu anayetazama nyuma yake."

"Mshika kibendera anasimama pembeni kabisa, mashabiki wako mgongoni kwake," mumewe alisema. "Watakutukana masikioni."

"Najua," alisema, akavuta sahani.