Gurudumu la Mtu wa Nne

Mji mzima wa Koudougou unaijua kanuni ya mbio zile za baiskeli, hata wauza kunde: timu inaondoka na watu watano, na saa inasimamishwa gurudumu la mtu wa nne linapogusa mstari. Wa tano ni wa ziada. Akibaki njiani hakuna wa kumuulizia.

Safari hii wakubwa wa klabu waliongeza la kwao. Mbio zilikuwa mbili, asubuhi barabara ya Réo, jioni barabara ya Sabou, na wanne watakaohesabiwa jioni ndio watakaovaa jezi ya mkoa kwenye mashindano ya nchi nzima. Nobila, mwashi wa miaka arobaini na mmoja, aliitaka jezi ile kuliko kitu chochote alichobakiwa nacho. Mwakani magoti yasingekubali. Na tangu azikwe mkewe Poko, nyumba ilikuwa inamkaba. Alipumua vizuri akiwa juu ya tandiko tu.

Asubuhi walikwenda sawa. Kazi yenyewe ni kupokezana upepo: wa mbele anavuta, akichoka anajitoa pembeni, wenzake wanampita, naye anashika nyuma ya wa mwisho. Huyo wa mwisho ndiye anayepaswa kumwambia "Ingia!", maana mtu aliyetoka kuvuta haoni, macho yamejaa jasho na vumbi. Kwenye kilima cha kurudi, Evariste, mpwa wa Nikiéma, mwenyekiti wa klabu, akaanza kukatika na kubaki nyuma. Nobila akamwekea kiganja mgongoni, akamsukuma mpaka juu. Mwenyekiti, aliyekuwa anawafuata na gari, akapiga honi. Nobila akadhani anashukuriwa.

Mchana walikula wali na kunde kwenye kivuli cha ukuta wa uwanja. Mwenyekiti aliwaita wenzake wanne nyuma ya gari lake, akamwachia Nobila pampu ajaze magurudumu ya wote. Waliporudi hakuna aliyemtazama Nobila, isipokuwa Drissa Toé.

Drissa alikuwa mtani wake. Nobila ni Mmosi, Drissa ni Msamo, na utani wa makabila hayo ni wa tangu mababu: hutukanana hata msibani, na kukasirika ni mwiko.

"Mtumwa wangu, kula ushibe," Drissa alisema. "Jioni tunakuacha barabarani."

"Uniache wewe, mla vichwa vya mbwa? Mbwa akibweka porini si utashuka baiskeli umfuate?"

Watu wakacheka. Drissa hakucheka.

"Nakwambia kweli. Ukishavuta mara ya tatu, usinitafute. Hutanikuta."

"Msamo na kweli walikutana lini?"

Wakacheka tena, na Nobila akacheka kuwazidi wote. Drissa akainamia sahani yake.

Jioni upepo ulikuwa wa uso kwa uso, ule mkavu unaopasua midomo. Nobila alivuta mara ya kwanza, akavuta ya pili. Ya tatu mwenyekiti alitoa kichwa dirishani akamhimiza aongeze kidogo, na kidogo tena, mpaka mate yakawa tope mdomoni. Kisha akajitoa pembeni. Wakampita wa kwanza, wa pili, Evariste aliyekuwa amefichwa upepo njia nzima, na mwisho Drissa. Nobila alisubiri kuambiwa aingie. Drissa alipita ameinamisha kichwa, kimya, na huko mbele walikuwa wamekwishasimama juu ya pedali. Pengo likawa la mkono, likawa la baiskeli, likawa la nyumba. Gari nalo likampita na kumwagia vumbi. Aliye garini vumbi halijui.

Kilomita kumi na moja alizimaliza peke yake. Aliambiwa, tena mbele ya watu, naye akacheka, kwa sababu Mmosi wa kumwamini Msamo bado hajazaliwa.

Alipofika, jezi zilikuwa zimeshagawiwa. Evariste alikuwa anapigwa picha na yake. Nobila akamfuata mwenyekiti, akamuuliza kosa lake ni lipi. Yule mtu hata haya hakuona. Alisema mkoa unataka damu changa, akamgonga begani.

"Na Drissa si alikwambia, mzee wangu? Huyo ni mtani wako. Utamkasirikia mtani?"

Waliozunguka gari wakacheka. Hapo ndipo Nobila alipoelewa kwa nini Drissa aliwekwa mwisho wa mstari. Walimtafuta mtu ambaye yeye haruhusiwi kumkasirikia. Wakubwa hawa mila zetu wanazijua. Wanazichungulia watafute pa kukanyagia.

Drissa akaja, jezi kaikunja kwapani.

"Mtumwa wangu," alisema polepole, akasubiri.

Tusi lolote lingetosha. La mbwa, la mama mkwe, la pua yake. Nobila alikuwa nayo mengi, na kila mmoja pale alijua kwamba likitoka moja tu, ugomvi umeisha na utani unaendelea.

"Hongera, Ndugu Toé," alisema, kama mtu anayemsalimia karani dirishani.

Kicheko kikakatika. Drissa akashika usukani wa baiskeli ya Nobila.

"Nitukane, Nobila. Nitukane basi."

Nobila akamtoa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja, akapanda, akaondoka.