Vitufe Viwili vya Mama Jedida

"Ukifika dukani, niangalizie vile vitufe viwili tu," Mama Jedida alimwambia Kahaso. "Cha kupandisha na cha kushusha. Mengine mwachie mwalimu."

"Haya, mama."

Kahaso alijua kwa nini. Tangu aanze kufagia kanisa pale Kisumu Ndogo, yeye ndiye aliyekaa kando ya Mama Jedida kwenye benchi la kinanda, na ni yeye peke yake aliyeijua siri ya mikono ile. Mama Jedida alijifunza mwenyewe, tena kwa vibao vyeusi tu. Nyimbo zote alizipiga mahali pale pale. Waimbaji wakianzia juu, alibonyeza kitufe cha kupandisha, kinanda kikawafuata. Wakianzia chini, alibonyeza cha kushusha. Vidole havikuhama. Kanisa zima lilimwita fundi.

Chumvi ya hewa ilipokila kinanda cha zamani, vitufe hivyo ndivyo vilivyotangulia kufa. Mama Jedida akaacha kukipiga, akangoja kipya. Kahaso akibaki peke yake na ufagio, alikifunua kile kibovu, akajifundisha kuhamisha vidole, vyeusi kwa vyeupe, hadi wimbo ukaanza popote alipotaka. Hakumwambia mtu. Yeye hata maji ya kunywa huona haya kuomba. Benchi la mkubwa wake angeliombaje?

Dukani Malindi, Mwalimu Ngowa wa kwaya alisimama katikati ya vinanda viwili kama bwana aliyeoa wawili siku moja. Bei zao zilikaribiana. Cheusi kilikuwa chepesi, kimejaa tarumbeta, ngoma, hata sauti za ndege, na vile vitufe viwili vilikuwa usoni pake, wazi kama macho. Cha rangi ya mbao kilikuwa kizito. Vibao vyake vilishuka taratibu chini ya kidole, na sauti yake ikajaza duka mpaka wapita njia wakachungulia. Cha kupandisha hakikuonekana.

"Sasa hawa ndege twawapeleka wapi?" Ngowa aliuliza, akibonyeza tena.

"Kuna maharusi wawapendao, mwalimu," alisema muuzaji.

Ngowa akicheka na ndege wake, Kahaso alimnong'oneza muuzaji, "Na hiki cha mbao, ukitaka kukipandisha?"

"Shikilia kitufe hiki cha kati, ubonyeze kibao cha mwisho kule. Wengi hawajui."

Kahaso alijaribu. Kikapanda.

"Haya, dada," Ngowa akamgeukia. "Wewe ndiwe sikio la Mama Jedida. Alisemaje?"

Kahaso alitazama vitufe viwili vya kile cheusi. Kisha akatazama vibao vya kile cha mbao, akaviona vidole vyake mwenyewe juu yake.

"Alisema tuchukue chenye sauti nzuri."

Jumapili Mama Jedida alikuja na leso mpya. Fridah, mwenye sauti ya kwanza, akaanzia juu kama kawaida yake. Mkono wa Mama Jedida ukapanda usoni pa kinanda, ukapapasa, ukarudi mtupu. Wimbo ukaenda huku, kinanda kule, kama watu waliopotezana sokoni.

"Mama, leo umeamkia ubavu gani?" Fridah akamtania, na kwaya ikacheka.

"Miwani hii," alisema Mama Jedida. "Kahaso mwanangu, hebu nipokee."

Kahaso akakaa. Vidole vikahama, vikaukuta wimbo uliko, na vigelegele vikapasua bati. Hakuvifurahia. Mama Jedida alikuwa ukingoni mwa benchi, akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Ibada ilipokwisha, Ngowa alikizunguka kinanda. "Mama, kumbe tatizo ni nini?"

"Hakina vitufe vyangu vya kupandisha."

"Kahaso! Hukuambiwa?"

"Usimgombeze mtoto," alidakia Mama Jedida. "Mimi ndiye niliyesahau kumtuma."

Ngowa akaguna, akaenda zake. Kahaso alitamani angepigwa kofi. Alishika ufagio, akauacha.

"Mama, hukusahau. Nami sikusahau."

Mama Jedida akamgeukia.

"Tena vimo," Kahaso aliendelea. "Vimefichwa. Nilionyeshwa dukani. Nilitaka nipige mimi."

Mama Jedida alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa. Akasogea katikati ya benchi, pale pake.

"Nionyeshe."

Kahaso akashikilia kitufe cha kati, akabonyeza kibao cha mwisho. Mama Jedida akarudia mwenyewe mpaka akashika, kisha akapiga wimbo wa Fridah kwa vibao vyeusi, wote, bila kukosea.

"Jumapili ijayo tutapokezana," alisema akikifunika kinanda. "Funga madirisha, Kahaso."

Kahaso alifunga la kwanza, akafunga la pili, akisubiri lile neno "mwanangu" limfuate. Halikuja.